Maji ya Mchele Hayaendi Chooni

Naletewa sinki! La ndani, la chuma, linang'aa mpaka unajiona meno, na lina mabakuli mawili! Mtaa wetu mzima hapa Bagamoyo hakuna mwenye kama hilo, na kama yupo basi kalificha.

Haya, sasa tusalimiane. Ni Jumanne, chungu cha kumi na mbili cha Ramadhani, swaumu imenikamata barabara na upepo sijui umehamia wapi. Naandika huku nasubiri magharibi.

Jiko langu limevunjwa ukuta wa nyuma, sakafu imechimbwa mfereji wa kulazia mabomba. Ramani kaichora mwanangu Rajabu, mhandisi, yuko Dodoma. Kaichora kwa kompyuta, si kwa mkono. Nimeibandika sebuleni, na kila anayekuja kuomba chumvi anaonyeshwa kwanza ramani, chumvi baadaye. Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliyemzaa anachora nyumba ikasimama kwenye karatasi.

Jirani yangu Bi Tatu aliitazama, akacheka. "Mabakuli mawili ya kuoshea sahani moja, Mama Rajabu?"

Nikacheka naye. Alipoondoka sikucheka tena.

Ni kweli naosha sahani moja. Tangu baba wa wanangu afariki, futari yangu ni ya mtu mmoja. Hata uji nimeshindwa kuupika kidogo, kila siku unabaki.

Sasa kilichoninyima raha leo. Fundi Hamisi, huyu wa Kerege, alikuwa analaza bomba la kutolea maji ya sinki, maana zege linamwagwa Alhamisi na likishamwagwa hakuna tena kubadili. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, bomba hili linaishia wapi? Akaninyooshea kidole. Linapita chini ya sakafu, linatokea nyuma, linaungana na chemba ya choo.

Ya choo!

Mimi nimelelewa hivi, na wanangu nimewalea hivyo hivyo: punje ya wali ikidondoka unaiokota, unaiweka pembeni kuku aile. Riziki haikanyagwi. Maji ya kuoshea mchele nayamwaga kwenye migomba miaka yote. Leo niyapeleke yakakutane na yale mambo mengine?

"Mama Rajabu," fundi akasema, "sinki lina kichujio chake. Na maji yakishafika huko chini hayaulizani nani katoka wapi."

"Hayaulizani yenyewe. Mimi nitaulizwa."

Akakuna kichwa, akaitazama ramani. "Kwa hiyo aliyechora kakosea?"

Hapo nikadanganya, na swaumu yangu mdomoni. Nikasema hapana, ramani haina kosa, ni mimi nilimweleza Rajabu vibaya. Siwezi kumsikia mtu anasema mwanangu kakosea, tena ndani ya nyumba aliyozaliwa. Bora nionekane mimi sijui kitu.

Hapa naweza kusema. Rajabu kakosea. Si hesabu, hesabu anazijua. Kasahau tunavyoishi humu. Na yeye ndiye aliyekuwa anatumwa kumwaga hayo maji ya mchele, anarudi mashavu yamejaa punje mbichi, nikimwuliza kama kala anakataa kwa kichwa maana mdomo haufunguki.

Rajabu hasomi hapa, nina hakika. Blogu hii alinifungulia dada yake, Zuhura, nesi wa Maskati. Alisema nikiandika upweke utanipungua. Sijui. Labda unapungua, labda unapata pa kukaa tu.

Nikampigia Rajabu. Mara ya tatu akapokea. Nilikuwa nimejiandaa! Wiki nzima namsikiliza fundi, nimejifunza mteremko, nimejifunza viungio, hata kile kibomba kinachojipinda chini ya sinki kuzuia harufu nakijua kazi yake. Nilitaka tubishane mpaka ashangae mama yake ni mtu gani.

"Haina shida, mama. Mwambie fundi apeleke unakotaka. Jiko ni lako." Halafu akaitwa kikaoni.

Jiko ni langu. Kweli.

Nilitaka anibishie. Nilitaka aseme, subiri, nakuja nilione mwenyewe.

Basi nimerudi kwa fundi, tumepima upya sisi wawili, yeye kashika futi mwanzo, mimi mwisho. Bomba sasa litatokea upande wa dirisha, litashuka taratibu hadi shimo jipya karibu na migomba, mbali kabisa na choo, na chini litajazwa mawe. Akaniuliza matundu ya bomba ukutani tuyatoboe kwa sinki la kimo cha nani, maana mimi mfupi. Nikamwambia cha Zuhura, maana wageni wangu wakija, yeye ndiye atakayeosha. Mimi nitavaa viatu virefu vya harusini.

"Shimo linatuongezea siku mbili," akasema. "Kwani wageni wenyewe wanakuja lini?"

Hakuna aliyenitajia siku. Nimetajiwa inshaallah tu, miezi na miezi. Lakini mdomo ukanitangulia. "Idi Pili," nikasema. "Wote, na wajukuu."

Uwongo wa pili huo kwa siku moja, na sikutaka ubaki uwongo. Nikaingia kwenye lile kundi la familia kwenye simu, nikaandika: "Nimeshamwambia fundi mnakuja Idi Pili. Msije mkaniaibisha mbele ya mtu wa Kerege."

Zuhura kajibu papo hapo, tena kwa ujumbe wa sauti, analia na kucheka: likizo anayo, alikuwa anangoja aitwe. Alikuwa anangoja aitwe! Na mimi nangoja aje. Rajabu kachelewa, halafu kaleta kidole gumba peke yake, na chini yake: "Na watoto, mama. Wote."

Zege litamwagwa Jumamosi. Watu wangu Idi Pili, baada ya adhuhuri.