Mashavu ya Laurent

Siku ya Yenga, 22 Mai 2022

Nimetoka misa. Leo mwaka mzima tangu mulima wetu hapa Goma utapike moto tena. Padri ameutaja, wamama wamelia. Mimi sikulia. Mulima huu nilishaulilia 2002, machozi yakaisha.

Mwalimu wa kusoma ku parokia alisema tuandike hata mustari moja kila siku, mukono usisahau. Mimi benchi la shule sikulikalia. Naandika kama ninavyosema, na asiyependa asisome.

Adalbert alikuja kula. Mwanangu mukubwa huyo, tumbo mbele, maneno nyuma. Alingoja niondoe sahani ndipo akasema: Mama, ni miaka makumi mbili. Tumalize matanga ya Laurent.

Kwetu mutu akipotea bila mwili, wanazika mugomba wa ndizi pahali pake. Wanaomba, wanakula, roho inapata pa kulala. Mimi nimekataa kila mwaka. Mugomba nilizaa lini?

Laurent, mwanangu, mudogo wa Adalbert, alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunakimbilia Gisenyi kule Rwanda, akasema: nyinyi endeni, narudi nyumbani Murara kuchukua kinga. Baiskeli! Moto ulishuka kwa njia mbili, yeye katikati. Nyumba ilifunikwa, na picha zote ndani yake.

Leo nilichoka kukataa. Nikasema: fanyeni. Lakini kwanza nione uso wake.

Siku ya Tatu, 25 Mai

Charline, binti ya Adalbert, kazi yake ni kutengeneza video za ndoa ku studio moja kule Himbi. Ameagiza kaseti kutoka Butembo, ya ndoa ya dada yake Laurent, mwaka wa 2001. Ameiingiza ku ordinateri, kompyuta ya studio, ameikata, ameweka wimbo, ameweka jina na tarehe. Jioni ameiwasha ku televizyo.

Eh Mungu wangu! Laurent anatoka jikoni na sahani za wageni. Mashavu! Shingo kama ya fahali! Nilipiga kelele: Amenenepa!

Ujinga, najua. Mutu wa kaseti hanenepi. Lakini mwili wangu ulifurahi kabla kichwa hakijauliza. Miaka yote hii najiuliza anakula nini huko alipo, na leo namuona ameshiba.

Adalbert alicheka: Mama, jione na weye, ulikuwa gunia! Nikamujibu: na weye yale matako uliyaazima wapi? Tulicheka mupaka majirani wakaingia kuangalia. Tukawasha tena. Tena.

Charline aliituma ku WhatsApp ya famili.

Siku ya Tano, 27 Mai

Waasi wamerudi, mabomu upande wa Kibumba. Watu wanashuka na magodoro ku kichwa.

Nimemuota Laurent. Siku zote huja mwembamba, majivu ku nyusi, anasimama mulangoni, haombi kitu, haendi. Usiku huu alikuja na mashavu. Akaingia. Akakaa!

Siku ya Yenga, 29 Mai

Sijui nianze wapi.

Émérance amepiga telefone. Mutoto wa dada yangu, Laurent alipopotea alikuwa bado mudogo sana, sasa anapika maharagi karibu na barieri ya kuvuka Uganda kule Bunagana, wenye malori wanakula kwake. Hakunisalimu hata. Mama mukubwa! Huyu mutu wa ku video namujua! Anakula kwangu kila siku!

Nikasema: mutu gani?

Huyo wa sahani! Mashavu hayo hayo! Anasukuma mizigo ya wafanyabiashara. Wanamuita Volcan.

Kwa nini Volcan?

Kwa sababu anasema mulima ulikula watu wake. Ndiyo maana Goma hatii muguu. Jina lingine hatoi. Kichwa chake kilipigwa na kitu, kuna kovu.

Nilikaa chini. Haikuwa kiti, ilikuwa beseni la nguo. Nikakaa humo humo mu maji.

Adalbert anasema: Mama, pole pole, mashavu iko kwa watu wengi. Nikamwambia akawaambie hivyo wale anaowauzia simenti. Mimi aniache.

Siku ya Pili, 31 Mai

Nilisema wamupige Volcan picha. Hataki. Akiona telefone anashusha kofia ku macho.

Émérance alimuonyesha video. Aliangalia mupaka mwisho, akarudisha telefone, akasema: hawa watu siwajui. Hata huyu, siyo mimi.

Nikasema anipe nimusikie. Nilisikia pumzi. Mutu mukubwa anapumua, lori zinapiga honi nyuma yake. Nikaita: Laurent? Halafu sauti nzito: Mama, mimi sijui. Akakata.

Kichwa kilichopigwa kinaweza kusahau hata uso wake chenyewe. Mimi nimeshafua blanketi. Nimemwambia Adalbert: mugomba uache shambani, ndizi zake zikomae.

Siku ya Posho, 4 Juin

Charline alikuja akasimama mulangoni, haingii. Mutoto yule akilia hafichi, anafanana na mimi.

Nani amekufa? Hakuna mutu, Koko, akasema mujukuu wangu. Basi ingia, unaleta nzi.

Akaeleza. Modeste, patron wake ku studio, aliiona ile video leo. Akacheka: Charline, famili yenu sahani zao ni mayai? Toka lini sahani iko na umbo la yai?

Sikuelewa. Charline akachukua kipande cha kitambaa changu, kile kinachovutika, akakivuta kwa mikono miwili. Maua yote yakapanuka. Akasema: Koko, hivi. Picha ya kaseti ya zamani haina upana mukubwa. Televizyo za leo ni pana. Wakati wa kuitoa video ku ordinateri nilichagua upana wa leo, masini ikaivuta huku na huku mupaka ikajaa. Kila kitu kikavutwa. Sahani, magurudumu ya magari, watu.

Na Laurent?

Na Laurent, Koko.

Alikuwa tayari ameitengeneza. Nikasema: washa.

Sahani mviringo kabisa. Mimi napakua chakula, kitambaa ku kichwa, nimekonda kama ufagio. Bila shaka! 2001, rebeliyo inakula muji, tulikuwa tunauza vitenge vya sanduku tupate unga. Nani alikuwa munene? Tuliangalia video ile yote, watu wazima, hakuna hata moja aliyejiuliza. Tulipenda kuona tumeshiba.

Halafu akatoka jikoni. Shingo ya jogoo. Mifupa ya mashavu. Shati limening'inia.

Na pande mbili za televizyo ni nyeusi, ukuta mweusi huku, ukuta mweusi huku. Nikauliza: hii nyeusi ni ya nini? Charline anasema inabaki hivyo, kwa sababu picha haifiki pembeni. Ukitaka kuiondoa, ao uvute watu tena, ao ukate vichwa.

Basi mwanangu anatembea katikati, mweusi huku, mweusi huku, na sahani mikononi. Nilisema: zima. Akazima. Nikasema: washa.

Nitaandika jambo moja ambalo sitamwambia mutu. Huyu mwembamba, wa kweli, niliyemuzaa — kwa dakika ile sikumujua. Nilimungojea yule mwingine atokee nyuma yake.

Siku ya Kwanza, 6 Juin

Charline anasema tunaweza kunyamaza. Ile ya kwanza iko Bunagana, Koko, iache huko. Nani atajua?

Adalbert mara hii alikuja na nyundo. Akatengeneza mulango wa choo, ambao haukuwa umeharibika.

Nimewaza siku nzima. Kule kuna mutu anapumua, anakula maharagi, ana kovu. Hapa kuna kijana amesimama mu weusi. Nikituma huyu, nitamupoteza yule. Nisipotuma, huyu nitamuweka wapi?

Jioni nikamwambia Charline: tuma. Mutoto wangu siwezi kumuita kwa uso wa uongo. Akauliza: Koko, kweli? Nikasema: tuma kabla sijabadilisha mawazo!

Siku ya Tatu, 8 Juin

Émérance amejibu. Mama mukubwa, nisamehe. Huyu simujui. Wetu ni mupana.

Adalbert alinikumbatia, nikamuacha anikumbatie. Siku ya posho, tarehe kumi na munane, mugomba. Nimekubali kwa kichwa. Mudomo ulikataa.

Siku ya Posho, 11 Juin

Haji tena ndotoni. Wala mwembamba wala munene. Nimelala na mulango wazi, Charline amenigombeza, anasema wezi. Waibe nini?

Siku ya Kwanza, 13 Juin

Bunagana imeanguka mikononi mwa waasi! Redio, barabara, soko, kila mutu ni neno hilo moja. Watu wote wamevuka Uganda. Émérance hapatikani. Napiga, mwanamuke wa rezo ya telefone ananijibu Kifaransa. Nimemutukana Kinande.

Baadaye: mesaji yake imeingia. Yuko Kisoro, mu uwanja, bila sufuria hata moja. Watoto wake ni wazima. Anasema risasi zilipoanza yule Volcan aliacha mizigo ya watu njiani, akambeba mutoto mudogo wa Émérance mugongoni mupaka ngambo. Hakuombwa na mutu.

Nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Sikumwita Charline.

Siku ya Posho, 18 Juin

Naandika nikiwa mu chumba. Nje wananingoja.

Toka asubuhi wanachimba hapa uani. Hapa Goma kaburi siyo udongo, ni jiwe la mulima, unalivunja kwa chuma. Vijana wa shirika la parokia wamepokezana. Shimo limefika kiunoni. Mugomba umevikwa shuka nyeupe, Adalbert aliuchagua mwenyewe, urefu wa kijana. Hiyo iliniuma. Alikumbuka urefu.

Katekista alikuwa amefungua kitabu. Telefone yangu ikalia. Nambari ya Uganda.

Émérance. Anapiga kelele, upepo unapiga naye. Mama mukubwa, jana nilimuonyesha ile video nyingine. Ile ya weusi. Nilikuwa bado sijamuonyesha, niliona ya nini. Aliangalia. Akarudisha nyuma. Akaangalia tena.

Nikasema: amejijua?

Hapana! Yule kijana hamutazami hata! Alitia kidole ku mwanamuke mwembamba mwenye kitambaa ku kichwa, anayepakua chakula. Akasema: huyu mama namujua. Akauliza: yuko wapi? Nikamwambia: Goma. Akachukua kofia yake. Mama mukubwa, amepanda lori la maharagi leo asubuhi, wanapitia Rwanda. Kama barieri haifungwi, jioni atakuwa kwako.

Nikauliza: amesema yeye ni nani? Rezo ikakata.

Niliwaambia wote, palepale kando ya shimo. Wamama wengine wakapiga magoti. Adalbert akawa kama jiwe lile wanalovunja. Akanivuta pembeni: Mama, ku ile video ya kwanza hakukujua. Nikasema: ile ya kwanza hata mimi sikujijua, nilikuwa gunia. Akasema: Mama, mutu amekimbia vita, hana nyumba, hana chakula. Mutu mwenye njaa anaweza kumujua mama yeyote.

Ni kweli. Mwanangu si mujinga.

Nikamwambia: na mama mwenye njaa je? Alianza kulia, mutu wa tumbo vile, mbele ya vijana wa shirika. Nilimupangusa na pembe ya kitenge changu kama alipokuwa mudogo. Halafu nikaingia humu, nikafunga mulango.

Sasa anagonga. Kwa dirisha nauona mugomba mikononi mwake, ameukumbatia, hataki uguse chini. Katekista amefunga kitabu, kidole kiko katikati ya kurasa. Charline ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani.

Mama, tushushe ao tungoje?

Amegonga tena. Mama?

Naandika pole pole. Nikimaliza mustari huu itabidi nijibu —