Kilimia kwa Kidevu

Mama Salma,

Watoto hawaji tena. Nakuambia mwenyewe, ingawa naona haya hata kushika kalamu.

Ulipofariki niliwaahidi wazee wa Mtawanya kwamba watoto wa chekechea yako hawatakosa somo lao la nyota. Arobaini yako ilipopita, nikatandika mkeka wako uani baada ya Magharibi. Walikuja wote, wakalala chali kama ulivyowazoesha. Nikauliza, Kilimia iko wapi? Wakainua videvu na kuchongoa midomo kuelekea mashariki, juu ya mikorosho. Mama zao wamewakataza kunyooshea nyota kidole, kisije kikaoza.

Wewe ungeinua kidevu pamoja nao, ukaendelea na somo. Mimi nikaanza hotuba. Unanijua: nagombana na magazeti, na nikikosa gazeti nagombana na redio. Nikasema nchi huru haijengwi kwa midomo iliyochongoka. Nikawaita mama zao wajinga. Kisha nikamshika Chiku mkono, yule mdogo kuliko wote, nikamnyoosha kidole kwa nguvu kuielekea Kilimia. Akalia kama aliyeungua.

Asubuhi mama yake akaja mlangoni. Akanieleza kwamba mtoto alilala amekifumbata kidole chake. Hakupaza sauti. "Baba Salma, kidole cha mwanangu kikioza, utampa chako?"

Nilikuwa na majibu tele, yote ya vitabuni. Nikayatoa yote. Tangu siku hiyo mkeka umekunjwa.

Jana dada yako alifika kutoka Mikindani, maana hakuwahi mazishi. Nikampeleka makaburini. Akauliza lipi lako. Nikainua mkono, kidole kikajikunja chenyewe. Sikuweza. Kukunyooshea wewe kidole? Nikamwonyesha kwa kidevu, mimi, mpinga ushirikina. Dada yako hakuona ajabu yoyote. Mimi nilitaka ardhi inimeze pale pale, kando yako. Mwiko niliomnyang'anya mtoto kwa nguvu, kumbe ninao mwenyewe.

Sikuombi msamaha wewe. Utanisamehe upesi mno, ndivyo ulivyokuwa.

Kesho naenda kwa mama Chiku. Nitakaa pale atakaponikalisha, na hotuba nitaiacha nyumbani. Nitamwomba radhi yeye, kisha nimwombe mtoto. Wakinikatalia, nitarudi kesho kutwa.

Pumzika, mke wangu. Mkeka ukitandikwa tena, nitalala chali pamoja nao, na Kilimia nitaionyesha kwa kidevu, kama wewe.

Baba Salma