Upana

Kaka Witek,

Sisi wazima, ila kuku wa mama wamegoma kutaga. Mimi nimefunga redio ya madereva ya kuongea wao kwa wao njiani, ile ya baba, kwenye gari langu la mikate.

Siku ya kwanza dereva wa lori alinionya kuna askari mbele, kisha akaniaga: "Upana!" Nami, na kiuno hiki unachokijua, nikamwakia: "Mpana mkeo!" Wote redioni wakaangua kicheko. Kumbe ndivyo wanavyoagana, wanakutakia barabara pana. Hivi nani alilianzisha neno hili? Kila ninayemuuliza ana hadithi yake.

Jana niliharibu zaidi. Niliikalia maiki ya redio, kitufe cha kuongelea kikabanwa. Kutoka Kielce hadi Radom nikawa nashangaa mbona redio kimya, huku naongea nawe peke yangu garini, kama kawaida yangu nikiendesha: "Witek, baba kusema samahani hawezi. Lakini ile sahani tupu tunayomwekea mgeni asiyetarajiwa, mkesha wa Krismasi, huiosha mwenyewe na kuiweka mbele ya kiti chako."

Niliposimama kwenye kituo cha mafuta na kuinuka, redio ikafufuka: "Hatimaye! Dada, ulikuwa umeikalia maiki. Tumekusikia njia nzima."

Nikangoja matusi. Hakuna aliyetukana. Mmoja tu akauliza, taratibu, "Sasa huyo Witek, anakuja?"

Leo asubuhi wameniuliza tena, hata wale ambao jana hawakuwepo. Niwajibu nini?

Nakutakia upana, kaka, hadi mlangoni kwetu.

Dada yako,
Bogna