Ndege ya Dada Ilipochelewa

Chumba cha Wapakia Mizigo,
Uwanja wa Ndege.
Jumanne, saa saba mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na shemeji yangu na pacha wenu hawajambo? Mama ni mzima wa mwili. Mimi nimeshonwa nyuzi kumi na moja mkononi, lakini napumua.

Ukisoma haya, dada yetu ameshafika kwako. Toka uwanja huu hadi wenu ni kilomita elfu moja mia nne na sitini, saa mbili na dakika kumi angani. Nimeipakia ndege hiyo miaka tisa, naijua kama njia ya chooni. Taya lake umeliona. Mumewe alilivunja kwa mpini wa shoka la buchani kwake, kisa shati halikupigwa pasi. Ndiyo maana nilimkatia tiketi kimya kimya.

Sasa Mama. Unamjua, ulimi wake hauna mlango. Tiketi ilisema saa tatu kamili. Saa tatu na dakika tano akampigia simu yule bwana, akamwambia mke wake yuko mawinguni, amfuate huko. Mama hajapanda ndege maisha yake; alidhani saa ikifika, inaruka. Kumbe ilikuwa imechelewa, na dada yuko nje kwenye benchi, anangoja mlango wa abiria ufunguliwe.

Yule bwana hakuamini, akaja mbio uwanjani na aproni yenye damu na kisu cha kazi. Akamburuta dada kwa nywele, akawa anampigiza uso sakafuni. Nilitoka mbio na nondo ya kufungia matela ya mizigo. Akanichana toka kiwiko hadi kiganja. Nikampiga bega, kisu hakikudondoka. Nikampiga kichwa. Alianguka, nami, sikufichi, nikampiga mara mbili zaidi akiwa chini, mpaka wenzangu waliponishika.

Dada aliinuka na kutaka kumwinamia mumewe. Nikamwambia, "Ukimwinamia leo, hutainuka tena. Panda."

Akapanda. Waliruka saa tano kasoro dakika ishirini.

Yule bwana alikufa saa tano na nusu, kwenye gari la wagonjwa. Dada alikuwa bado juu, hajui kitu. Mama anajipiga kifua, anasema kamuua yeye kwa mdomo wake. Mpigie umtulize, mkono ulikuwa wangu.

Haya hayasemeki kwa simu, ndiyo maana naandika. Polisi wako mlangoni, wamenipa nusu saa na wanakunywa chai yangu. Mhudumu wa ndege ya saa kumi atakuletea barua hii mkononi, kama kawaida yetu watu wa mizigo. Najua utataka kupanda ndege uje. Usije. Kaa na dada.

Nisalimie mkeo, uwabusu pacha, umpe shangazi yao salamu zake. Mungu awafunike nyote.

Dada akikuuliza hali ya mumewe, usimdanganye. Mwambie amekufa. Mwambie pia kwamba nilipata nafasi ya kuacha, na sikuacha.

Akupendaye popote watakaponipeleka,
Kaka yako.