Mwanafunzi wa Ishirini wa Darasa la Tano

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA USTAWI WA WALIMU

Tarehe: Ijumaa, wiki ya sita, muhula wa pili
Mahali: Stoo ya vifaa vya michezo (chumba cha walimu kilikuwa kinaonyeshwa wazazi wapya)

Waliohudhuria: Mwalimu wa Hisabati (Mwenyekiti), Mwalimu wa Lugha (Katibu), Mwalimu wa Darasa la Tano, Mwalimu wa Kuogelea, na Mama Jikoni (mwalikwa)
Asiyehudhuria: Mwalimu wa Muziki (bila udhuru, kama kawaida yake)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:40 alasiri akiwa amekaa juu ya godoro la mazoezi, kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimepelekwa kupigwa picha za tangazo la shule. Alisema hakuna muda wa kupoteza, kisha akapoteza dakika kumi akilalamikia viti.

KUMB. NA. 2/6: MWANAFUNZI WA ISHIRINI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mmiliki wa shule hulifunga darasa lolote lenye watoto chini ya ishirini, na mwalimu wake huondoka nalo. Muhula uliopita Darasa la Tano lilibaki na kumi na tisa. Ili kumwokoa mwenzetu, kamati iliandikisha mtoto ambaye hayupo, ikamweka kwenye orodha ya ufadhili isiyokaguliwa na mtu, na ripoti zake zikawa zinatumwa kwenye anwani ya kubuni. Katibu ndiye aliyemtungia sifa: msichana, mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto, anaogopa maji. La maji lilitoka kwa Mwalimu wa Kuogelea, ambaye hakutaka kuulizwa mbona mtoto haonekani bwawani. Mwalimu huyo aliomba hilo lisiandikwe. Limeandikwa.

Mwalimu wa Darasa la Tano alieleza kwamba tangu wiki ya tatu, kila akikusanya madaftari ya watoto kumi na tisa, anapata ishirini. Katika la ishirini wino umeburuzwa, kama inavyowatokea wanaoandika kwa kushoto. Mwenyekiti aliuliza kama si utani wa watoto. Mwalimu alijibu: "Mwenyekiti, nimesahihisha madaftari miaka kumi na moja. Mtoto anayetania namjua. Huyu anajitahidi."

Mama Jikoni alithibitisha kwamba meza ya Darasa la Tano hurudisha sahani ishirini, zote zimeliwa. "Kumwona sijamwona," alisema. "Lakini anakula vizuri, maskini."

Hapo Mwenyekiti alikiri kwamba woga ulimzidi, na kwamba asubuhi ya leo, bila kumshauri mtu, alifungua rejista na kuandika mbele ya jina la mtoto huyo: "Amehama."

Mwalimu wa Darasa la Tano alilia. Alisema Jumatatu mmiliki anahesabu madarasa, na yeye ana watoto wawili na mama mgonjwa nyumbani. Alisema pia kwamba halilii kazi tu. Leo madaftari yalikuwa kumi na tisa, na aliyahesabu mara tatu. Mwenyekiti alisema pole. Katibu anaona haikutosha.

KUMB. NA. 3/6: MENGINEYO
Saa 10:25 mlango uligongwa. Aliingia mwanamke mwenye sweta ya shule mkononi, akasalimia, akajitambulisha kuwa mama wa mwanafunzi wa ishirini. Hakuna aliyeitikia isipokuwa Mama Jikoni, aliyesema, "Karibu, dada," akampisha kwenye benchi.

Mama huyo alieleza kwamba hakuja kugombana. Kwanza, alitaka kujua nani aliandika kwamba mwanawe anaogopa maji, maana tangu ripoti ile ifike nyumbani, kumwogesha ni vita. Mwalimu wa Kuogelea aliangalia chini. Pili, alisema leo asubuhi alimwacha mtoto akifunga viatu, akaingia chumbani kuchukua sweta. Aliporudi alikuta viatu.

"Nimepiga simu ofisini, nimeambiwa amehama," alisema. "Sasa jamani walimu, niambieni. Amehamia wapi?"

Katibu, ambaye kwa miaka ishirini na miwili ameandika ripoti nyingi asizoziamini, anakiri hapa kwamba aliona aibu kuliko woga.

Mwalimu wa Darasa la Tano alikwenda kuleta rejista. Mwenyekiti aliikataa kalamu. Ilipendekezwa aandike Katibu, kwa kuwa ndiye aliyeanza. Katibu alikata neno "Amehama" na kuandika "Amerudi." Mama alisoma juu ya bega lake, akaomba liongezwe neno "salama." Liliongezwa. Mwalimu wa Kuogelea aliomba, kwa sauti ya chini, iandikwe pia kwamba haogopi maji. Iliandikwa.

KUMB. NA. 4/6: AZIMIO NA KUFUNGA
Iliazimiwa kwamba mtoto huyu asiandikiwe tena neno lolote ambalo mama yake hajalisoma. Kura za ndiyo nne, za hapana hakuna.

Kura zikiwa bado zinahesabiwa, ilisikika sauti ya mtu akipiga maji bwawani. Mwalimu wa Kuogelea alisema bwawa alilifunga mwenyewe saa nane, na ufunguo anao mfukoni. Mama alisimama, akachukua taulo moja rafuni, akauliza bwawa liko upande gani.

Kikao kilifungwa saa 10:58, wajumbe wote wakiwa wameshatoka kumfuata.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)
Mzazi, amesoma na kukubali: (sahihi)