Nimebebwa kwa Machela Upareni

Mama, shikamoo!

Ukisikia mwanao kabebwa kwa machela huku Same, usilie. Mimi ni mzima, na nimeshiba makande.

Kwa kuwa matibabu si bure tena, sisi wa ofisi ya mipango tumetumwa kupiga hesabu: je, zahanati ya mlimani ifungwe, wagonjwa wawe wanashuka hospitali ya mjini? Kwenye karatasi ilionekana nafuu. Jana tukapanda kuwasomea wagonjwa wenyewe hesabu hiyo. Mama mmoja mwenye pumu akacheka: "Huyu mgonjwa wako anashuka peke yake? Hana majirani?"

Nikauliza majirani wanaingiaje hapo. Basi wakanilaza kwenye machela! Wanaume wanne wakanibeba kwenye njia ya mawe, wengine nyuma wakingoja zamu, wanawake na sufuria la makande, maana wabebaji lazima wale. Mashamba ya kitongoji kizima tukawaachia nyani.

Kufika kona ya kwanza, bonde lote liko chini yangu, nikapiga kelele: "Nishusheni! Zahanati haifungwi!"

Yule mama akaniitikia kwa upole: "Tulia, baba. Mgonjwa hashuki mpaka hospitali."

Nakukumbuka sana, mama.

Mwanao, aliyepona njiani