Modemu na Kidole Changu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza ofisini kwa mjomba. Kupiga chapa, kupokea faksi, kutuma barua pepe — vyote kwa laini moja ya simu na modemu moja, kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu. Tatizo: modemu inajibu simu yenyewe. Mteja akipiga, anapokewa na milio ya ajabu. Fundi wa mashine kaja, kanitazama mimi. Huyu mtoto ameichezea, akasema. Sijaigusa hata kwa kidole! Mjomba kasema ikiendelea hivi hadi Ijumaa, narudi kwa mama. Nimeondoka na kijitabu cha modemu mkobani.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kijitabu chake chote. Kuna amri moja ya kuiambia isijibu simu mpaka uitake. Nikaiandika kwenye kompyuta. Modemu haikulia siku nzima. Mjomba akampigia Fundi kumshukuru. Fundi akapokea shukrani!

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi modemu imeanza tena kujibu simu. Nani kaigusa? Mimi, bila shaka. Nimeandika amri upya. 

Alhamisi, 6 Machi
Nimegundua. Mama Karatasi, mpiga chapa wetu mkongwe, kila jioni huchomoa nyaya zote ukutani. Mashine nazo huchoka, anasema. Modemu ikikosa umeme inasahau nilichoiambia, kwa sababu sikuiambia ihifadhi! Ukurasa wa kumi na nne wa kijitabu. Nimehifadhi. Nikamweleza taratibu. “Mwanangu,” akasema, “mimi nazima mashine tangu hujazaliwa.” Akachomoa.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi modemu imekumbuka kila kitu. Kila kitu! Nilitaka kucheka peke yangu.

Saa nne Fundi kaja “kuisafisha”. Nimeona kwa macho yangu akiandika amri ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Ilivyotoka kiwandani, inajibu simu mlio wa tatu. Kijitabu kinasema. Nikamwambia sasa itajibu tena — kwa sauti, ndiyo, mimi. Akamgeukia mjomba: “Siku hizi wagonjwa ndio wanaandika dawa.” Mjomba akacheka. Hilo limenichoma kuliko yote.

Sasa mjomba kaenda duka la jirani, apige simu kutoka kule tujaribu. Ikipiga kelele, kasema Fundi, basi huyu binti kaigusa tena. Kasema hivyo huku kakaa kwenye kiti changu, mimi niko dirishani na daftari hili.

Mama Karatasi kanisogelea. Ananinong'oneza niinue simu haraka kabla modemu haijajibu. Yaishe, mwanangu, kazi utabaki nayo.

Ni kweli, nitabaki nayo. Na Fundi atashukuriwa mara ya pili.

Inaita. Mlio wa kwanza. Mama Karatasi ananikonyeza, ananionyesha simu kwa kidevu. Simu iko hatua mbili tu.

Mlio wa pili. Fundi ananiangalia sasa. Mkono wangu uko hapa, kwenye kalamu, si kwenye simu: mlio wa tatu ijibu yenyewe, mjomba asikie. Naandika. Bado naandika —